Dawa ya kupaka mbegu: namna ya kuipima kwenye mtama wa Malindi

Mbegu iliyopakwa dawa ikitoka vizuri, muuzaji na mkulima hukubaliana upesi kwamba dawa imefanya kazi. Mara nyingi hakuna aliyepanda hata mstari mmoja wa mbegu isiyopakwa kando yake, wala aliyehakikisha kwamba ugonjwa wenyewe ulikuwapo. Mchanga wa Malindi ukipata mvua nzuri ya Aprili hutoa mtama kwa siku 4 au 5 hata bila dawa. Konde lililojaa miche peke yake halithibitishi lolote. Dawa ya mbegu hupimwa pale tu ugonjwa ulipopewa nafasi ya kushambulia, mbegu isiyopakwa ikaumia, na anayehesabu hajui fungu lipi ni lipi.

Hapa naeleza namna ya kufanya jaribio la aina hiyo kwenye mtama dhidi ya fugwe, ule ugonjwa unaogeuza punje kuwa mfuko wa vumbi jeusi. Nimechagua fugwe kwa makusudi. Mtama ni nafaka inayofaa maeneo ya ndani ya Magarini ambako mvua hukatika mapema, fugwe huonekana kwa macho bila hadubini, na suke huwa limeugua au halijaugua, kwa hiyo hesabu yake haina ubishi. Afisa ugani, mwanafunzi wa kilimo au kikundi cha wakulima chenye robo eka huko Ganda, Jilore au Marafa kinaweza kuifanya kazi hii kwa mizani ndogo, kamba na daftari.

Maandishi mengi ya kitaalamu kuhusu dawa za mbegu yametokana na ngano na shayiri za Ulaya, zile zinazopandwa Septemba na Oktoba kabla ya baridi kali. Kule udongo unakuwa umeanza kupoa, mbegu hukaa ardhini wiki mbili au zaidi, na kuvu ya baridi kama Microdochium nivale huupata mche ukiwa bado dhaifu. Ndiyo maana dawa huonyesha faida kubwa wakati wa kuota. Huku kwetu udongo hupita nyuzi 30 mchana, na mche huikimbia kuvu ya namna hiyo. Atakayechukua matarajio ya Ulaya na kuyaleta Malindi atangojea faida mahali ambapo haipo.

Mbinu yenyewe ya kujaribu, hata hivyo, ni ya kuazima bila wasiwasi, na ni ya zamani. Ngano ina fugwe yake, Tilletia caries, ambayo huijaza punje vumbi lenye harufu ya samaki aliyeoza. Mfaransa Mathieu Tillet alichapisha mwaka 1755 matokeo ya jaribio lake: aligawa shamba vipande vipande, akazipaka mbegu safi vumbi jeusi kutoka kwenye masuke yaliyougua, nyingine akazitibu kwa chumvi na chokaa, akaona kwamba vumbi ndilo linaloambukiza na kwamba tiba inapunguza ugonjwa. Mwaka 1807 Bénédict Prévost alionyesha kwamba vumbi lile ni spora, yaani mbegu ndogo mno, za kuvu hai na kwamba shaba huzizuia zisiote. Kuambukiza kwanza, kutibu baadaye, na kuacha kipande kisichotibiwa: mpaka leo hakuna njia bora zaidi.

Fugwe gani?

Kabla ya kununua dawa, jua fugwe iliyo kondeni kwako, kwa sababu mtama una fugwe nne na dawa ya kupaka mbegu hufaa kwa mbili tu.

Ya kwanza ni fugwe ya punje, Sporisorium sorghi. Mmea hurefuka karibu kama kawaida na suke hutoka kwa wakati, lakini badala ya punje kuna vifuko vidogo vilivyochongoka, vyenye ngozi ya kijivu au kahawia. Ngozi hiyo hupasuka wakati wa kupura, na vumbi likatua juu ya punje nzima. Spora hukaa nje ya punje, huota pamoja nayo, huingia kwenye chipukizi kabla hata halijatokeza juu ya ardhi, kisha hupanda na mmea kimyakimya mpaka wakati wa suke. Ukiua spora zilizo juu ya punje, umeumaliza ugonjwa. Hii ndiyo inayofaa zaidi kwa jaribio letu.

Ya pili, Sporisorium cruentum, ina tabia hiyohiyo, ila mmea hudumaa, suke hutoka mapema, na ngozi ya vifuko hupasuka ikiwa bado shambani, ikaacha kijiti cheusi kilichopinda katikati ya kila kifuko. Hii nayo hutii dawa ya mbegu.

Ya tatu, Sporisorium reilianum, hulimeza suke zima: kinatoka kitu kimoja kikubwa chenye ngozi nyeupe, kikipasuka unaona vumbi na nyuzinyuzi nyeusi. Spora zake hukaa udongoni kwa miaka na huushambulia mche kutoka nje ya mbegu, kwa hiyo kinga ya dawa iliyopakwa juu ya punje ni ndogo. Ya nne, Tolyposporium ehrenbergii, huonekana kama vifuko virefu vilivyopinda, vichache, vimetawanyika katika suke lililo zima kwa sehemu kubwa. Yenyewe huja kwa upepo wakati wa kuchanua, na hakuna dawa ya mbegu inayoifikia.

Malalamiko mengi kwamba dawa imeshindwa yanatoka hapa. Mkulima ana fugwe ya tatu au ya nne, amepaka dawa inayotibu ya kwanza. Dawa haina kosa.

Mbegu na mafungu yake

Mbegu ya jaribio lazima iwe haijapakwa kitu. Mbegu iliyothibitishwa ya dukani mara nyingi tayari ina rangi nyekundu, waridi au buluu, yaani dawa imo. Kuiosha hakusaidii: rangi hutoka, dawa hubaki kiasi usichokijua. Tafuta mbegu isiyopakwa kwa mzalishaji, au pura masuke safi ya Gadam au Seredo kutoka konde ambalo umelikagua mwenyewe. Kabla ya yote pima uotaji: punje 400, mia mia katika vyombo vinne vyenye mchanga safi uliochomwa na kulowanishwa. Hesabu siku ya 4 na siku ya 10. Ikiwa chini ya asilimia 80 zimeota, tafuta mbegu nyingine, maana mbegu dhaifu huficha matokeo.

Gawa mbegu mafungu sita. A ni mbegu safi iliyopakwa maji tu. B ni mbegu iliyoambukizwa spora, ikapakwa maji tu. C imeambukizwa, ikapakwa dawa ya kuvu. D imeambukizwa, ikapakwa dawa ya wadudu peke yake. E imeambukizwa, ikapakwa mchanganyiko wa dawa zote mbili. F ni mbegu safi iliyopakwa dawa ya kuvu mara mbili ya kipimo.

Fungu D watu hulisahau, na kwa maoni yangu ndilo linaloamua kama jaribio ni la kuaminika. Pakiti nyingi za dawa ya mbegu zina vitu viwili au vitatu ndani yake: cha kuvu, kama thiramu au metalaksili, na cha wadudu, kama imidaklopridi au thiamethoksamu. Mchwa na nzi wa mtama wakizuiwa, konde hupendeza, na sifa zote hupewa dawa ya kuvu. Bila fungu D huwezi kutenganisha. Fungu F nalo linauliza swali la pili: je, dawa inauumiza mche? Dawa za jamii ya tebukonazoli na difenokonazoli huweza kufupisha chipukizi. Ukipanda kwa kina cha sentimita 6 au 7, chipukizi lililofupishwa hufunguka chini ya ardhi na kufia humo.

Spora za kuambukizia hupatikana kwa kukusanya masuke yenye fugwe ya punje msimu uliopita, kuyakausha, kuyapondaponda ndani ya mfuko wa kitambaa, na kuchunga vumbi kwa chujio la chai. Tumia gramu 5 za vumbi kwa kilo 1 ya mbegu, tikisa katika mtungi mkavu mpaka kila punje iwe na weusi. Vaa barakoa. Fanya kazi hiyo mbali na uwanja wa kupuria wa mtu yeyote. Kuambukiza hutangulia kupaka dawa. Kinyume chake ni kuipa dawa ushindi wa bure, au kuinyima haki, kutegemea jinsi ilivyoshika.

Kupaka

Hapa ndipo majaribio mengi huharibika, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Jaribio zima linahitaji punje 1,600 tu kwa kila fungu. Punje 1,000 za mtama zina uzito wa gramu 28 hivi, kwa hiyo ni kama gramu 45. Usipake gramu 45. Kiasi hicho kikiingia katika mtungi, dawa yote hushika ukutani na punje chache hupata zaidi ya nyingine. Paka gramu 500, uchukue unachohitaji.

Tuseme lebo inasema gramu 3 kwa kilo. Gramu 500 zinahitaji gramu 1.5 za unga. Mizani ya jikoni inayosoma gramu nzima nzima inaweza kukosea nusu gramu, na nusu gramu hapa ni thuluthi ya kipimo. Tafuta mizani ya sonara inayosoma sehemu ya mia ya gramu. Changanya unga huo na mililita 5 za maji yaliyopimwa kwa bomba la sindano, ukoroge mpaka uwe uji mwepesi. Maji yakizidi, punje huanza kunyonya na kuota. Yakipungua, dawa hukaa mabonge.

Mtungi wa plastiki wa lita 2 wenye kifuniko unatosha. Gramu 500 za mtama hujaza kama thuluthi moja, na nafasi iliyobaki ndiyo inayoziwezesha punje kupinduka. Mimina nusu ya uji pembezoni, zungusha, mimina nusu ya pili, kisha zungusha kwa dakika 5 ukigeuza mtungi juu chini. Kwa kila dawa paka kwanza gramu 500 za kutupa, kwa kipimo kilekile, ili kuta za mtungi zilowane na dawa. Kundi la pili ndilo la kupanda. Usipofanya hivyo, mbegu yako itapata pungufu ya ulichopima, na hutajua pungufu kiasi gani. Kila fungu liwe na mtungi wake. Kama mtungi ni mmoja tu, anza na A na B za maji, na uoshe kwa sabuni kila unapobadilisha.

Mwaga punje 100 juu ya karatasi nyeupe uziangalie moja moja. Zikizidi 5 zenye dawa chini ya nusu ya mwili, mimi hukataa kundi lote na kupaka upya. Anika kivulini juu ya karatasi, usianike juani. Tia katika bahasha za karatasi zikiwa kavu kabisa. Mbegu yenye unyevu katika mfuko wa nailoni, kwa joto la Malindi, hupoteza uotaji ndani ya siku chache. Panda ndani ya wiki moja.

Fungu A na B nazo zipakwe maji kwa kiasi kilekile, zizungushwe dakika zilezile na zianikwe vilevile. Kulowanishwa na kugongana peke yake hubadilisha uotaji. Ukilinganisha mbegu iliyolowanishwa na mbegu kavu ya gunia, unapima maji, hupimi dawa.

Kuhusu usalama sitasema kwa kuzungukazunguka. Nunua dawa yenye nambari ya usajili ya PCPB, bodi ya Kenya inayosajili dawa za kuua wadudu na magonjwa ya mimea, kwenye lebo, vaa glavu za mpira na barakoa, na kaa upande unaotoka upepo. Thiramu ina jambo la ziada linalotuhusu sana huku pwani. Kikemia ni ndugu wa karibu wa disulfiramu, ile dawa wanayopewa watu wanaotaka kuacha pombe. Aliyeshika thiramu akanywa mnazi anaweza kupata kichefuchefu, moyo kwenda mbio na uso kuwaka moto. Wasaidizi wote waambiwe mapema, kwa heshima, kwamba siku ya kupaka na siku zinazofuata hakuna pombe.

Na mbegu iliyopakwa hailiwi, hata ikioshwa. Mwaka 1971 na 1972 nchini Iraq ngano na shayiri zilizopakwa dawa yenye zebaki ziligawiwa kwa ajili ya kupandwa, zikafika vijijini, watu wakazisaga kwa mkate. Rangi nyekundu ilitoka ilipooshwa, sumu ikabaki. Waliolazwa hospitalini walikuwa 6,530, na 459 kati yao walifariki. Dawa za zebaki ziliondolewa, lakini njia ya ajali ni ileile: njaa, gunia lisilo na maandishi, na rangi inayooshwa. Hapa kwetu vuli ikikosa, mbegu iliyobaki ghalani huangaliwa kwa jicho la chakula. Andika SUMU kwa Kiswahili kwenye kila bahasha, na usiache hata kibaba kimoja nyumbani.

Kondeni

Ploti moja ni mistari 4 ya mita 5, nafasi kati ya mistari sentimita 75, yaani mita za mraba 15. Mafungu sita mara bloki nne ni ploti 24, kama mita za mraba 360 bila njia. Acha njia ya mita 1 kati ya bloki. Kila bloki iwe na mafungu yote sita, na nafasi ya kila fungu ichaguliwe kwa kura: karatasi sita katika kofia, zinachomolewa upya kwa kila bloki.

Bloki ifuate usawa wa ardhi, ili tofauti kubwa ziwe kati ya bloki na bloki, zisiwe ndani ya bloki moja. Karibu na Sabaki udongo hubadilika kutoka tope la mto hadi mchanga katika hatua chache. Tembea na jembe uchimbe sehemu tano sita kabla ya kupima. Epuka kivuli cha mkorosho na mwembe, epuka mahali palipokuwa zizi la mbuzi, na epuka kichuguu kilichosawazishwa, kwa maana mchwa bado wamo chini.

Kila mstari hupata punje 100 hasa, moja kila sentimita 5. Hesabu punje nyumbani uzitie katika bahasha, 16 kwa kila fungu, jumla 96. Andika nambari ya ploti na ya mstari tu, jina la dawa libaki katika daftari la mtu mmoja ambaye hatahesabu. Punje zote ziingie sentimita 4, kwa kijiti chenye alama. Kina kisipokuwa kimoja, mafungu yatatofautiana kwa sababu ya mkono wa mpandaji. Zaidi ya hayo, chipukizi linalochelewa kidogo ardhini huipa fugwe muda wa kuingia, na ukipanda juujuu katika udongo wa moto mtama utaponyoka na B itabaki safi kama A.

Panda baada ya mvua iliyolowesha ardhi vizuri. Mvua ikikatiza kazi, malizia bloki uliyoianza. Usiigawe bloki kwa siku mbili.

Siku kumi za kwanza linda asubuhi na jioni. Kunguru wa Malindi wanafukua mbegu mstari mzima kwa ustadi wa kusikitisha, na kanga huja mawio. Ikiwa ndege wamekula, iandike ploti hiyo kuwa imepotea kwa hesabu ya uotaji. Usikadirie.

Kuhesabu, na kufukua

Hesabu miche siku ya 4, 7, 10 na 14. Siku ya 14 chukua kijiko uende kwenye mistari miwili ya pembeni, ufukue sehemu 20 zisizotoka mche katika kila ploti. Kazi hii wengi huiruka, na bila hiyo hujui kilichoua. Punje iliyolainika, yenye utando mweupe, wa waridi au mweusi, imeoza kwa kuvu. Punje iliyotobolewa na kubaki ganda imeliwa na mchwa au sisimizi. Chipukizi lililojikunja na majani kufunguka chini ya ardhi linaonyesha kina kilichozidi, ukoko wa udongo, au dawa iliyolifupisha. Litazame sana katika fungu F. Pasipo na kitu kabisa, ni ndege au panya. Miche iliyotoka kisha ikaanguka, shingo imekonda kama uzi usawa wa udongo, ihesabu peke yake. Na mche ambao jani la katikati limekauka na ukilivuta linachomoka likinuka, huo ni wa nzi wa mtama. Kuvu haimo.

Baada ya siku ya 14 punguza miche hadi sentimita 20. Nyosha kamba yenye alama, bakiza mche ulio karibu zaidi na kila alama, uwe mzuri au mbaya. Anayechagua miche minene anachagua miche mizima bila kujua. Mistari miwili ya kati itakuwa na mimea kama 50 kwa ploti, 200 kwa fungu. Idadi hiyo inatosha ikiwa B imeugua vya kutosha. Fugwe katika B ikiwa chini ya asilimia 5, jaribio halina jibu. Liandikwe hivyo, lisifanywe ushahidi wa dawa.

Masuke hesabu punje zikiwa na maziwa hadi unga laini. Suke lenye hata kifuko kimoja ni gonjwa. Usingoje mavuno. Tumbili na ndege huchukua masuke mazima na kuyaacha yenye fugwe, kwa hiyo anayechelewa hupata asilimia kubwa isiyo ya kweli. Using'oe suke gonjwa kabla ya hesabu, na ukimaliza, yakate yote uyachome moto.

Hesabu ya mwisho

Nguvu ya dawa dhidi ya fugwe hupatikana hivi: asilimia ya ugonjwa katika B, toa asilimia katika C, gawa kwa ile ya B, zidisha kwa 100. Kwa mfano, B ikiwa 24 na C ikiwa 1.2, ni 22.8 gawanya kwa 24, yaani asilimia 95.

Uotaji unahitaji hatua moja zaidi, kujua tofauti ipi ni ya kweli. Kwa kila ploti chukua asilimia yake, toa wastani wa fungu lake, toa wastani wa bloki yake, jumlisha wastani wa ploti zote. Kinachobaki kipige mraba. Jumlisha miraba yote 24 kisha gawanya kwa 15, ambayo ni 5 mara 3, yaani mafungu toa moja, mara bloki toa moja. Tuseme umepata 30. Zidisha kwa 2, gawanya kwa bloki 4, unapata 15. Kipeo chake cha pili ni 3.87, zidisha kwa 2.131, namba ya jedwali la t kwa 15 katika kiwango cha asilimia 5, unapata 8.25. Mafungu mawili yanayotofautiana kwa chini ya 8.25 huwezi kusema yanatofautiana.

Endelea na mfano huohuo: uotaji wa B uwe 68, C 71, D 83 na E 85. C imeizidi B kwa 3 tu, haihesabiki. D imeizidi kwa 15. Maana yake miche iliokolewa na dawa ya wadudu. Kwenye fugwe mambo yangegeuka: D ingebaki karibu na 24 kama B, na C na E zingeshuka hadi 1 au 2. Basi mkulima wa konde hilo anunue dawa ya kuvu kwa ajili ya masuke, na akiona miche inapungua aanze na mchwa. Muuzaji mwenye pakiti ya mchanganyiko angemwambia jambo moja tu, kwamba konde limependeza.

Fugwe ikiwa sifuri katika ploti nyingi za C na E, hesabu hiyo ya tofauti haitumiki vizuri, kwa kuwa ploti zenye sifuri hazitawanyiki kama za B. Toa asilimia zenyewe na idadi ya masuke, msomaji ajionee.

Mambo mawili ya udongo wa huku yaangaliwe wakati wa kusoma matokeo. Metalaksili huyeyuka katika maji kwa urahisi, na mvua nzito ya Mei katika mchanga huishusha chini ya mbegu. Thiramu haiyeyuki kwa urahisi na hukaa pale ilipopakwa. Zaidi ya hapo, metalaksili hulenga Pythium, unaoozesha mbegu na miche, na ukungu wa jamii yake, haizuii fugwe hata kidogo. Pakiti yenye metalaksili tu dhidi ya fugwe ni pesa iliyopotea, hata kama lebo ina neno kuvu. Thiramu nayo hufanya kazi juu ya punje tu. Kuvu iliyojificha ndani ya kiini, kama ile fugwe ya shayiri, Ustilago nuda, ilisubiri karboksini, iliyotangazwa mwaka 1966, kwa sababu hiyo huingia ndani. Kabla yake ilikuwa ni kuloweka mbegu katika maji ya moto.

Wala dawa ya mbegu isitarajiwe kuzuia sumukuvu ghalani. Kuvu inayoitoa, Aspergillus flavus, huingia kwenye suke na gunzi wakati wa ukame wa kuchanua, na tena wakati wa kuanika na kuhifadhi, miezi kadhaa baada ya dawa ya mbegu kwisha nguvu. Mwaka 2004 sumukuvu iliua watu 125, hasa huko Ukambani, na mahindi yaliyowaua yangekuwa yaleyale hata mbegu yake ingepakwa mara kumi.

Jaribio moja la masika halitoshi kwa dawa ya kupendekezewa wengine. Lirudie vuli, na ikiwezekana mahali pawili kwa wakati mmoja, mchanga wa Gede na udongo mzito wa ukingo wa Sabaki, kwa spora zilezile na mbegu ya gunia lilelile. Mbegu ya vuli ipakwe upya. Iliyobaki kutoka masika, pamoja na yale makundi ya kutupa, ifukiwe shimoni mbali na kisima, kuku wasiifikie.